Rimu iliyokwanguka: ninavyoitengeneza uani kwa mteja

Mteja akinipigia kwamba amekwangua rimu, namwomba kwanza anitumie picha, rimu ikiwa imeoshwa. Nikiona ufa, hata mwembamba kama unywele, sigusi. Puti, lile lepe la kujazia mikwaruzo, haibebi uzito wa gari, na kuupaka ufa rangi ni kumficha mwenye gari hatari yake. Rimu iliyopinda nayo ni ya fundi mwenye mashine. Zipo pia zile zenye uso unaong'aa na mistari myembamba ya mviringo: zimekerezwa kiwandani, na uani huwezi kuirudisha mistari ile. Mwambie mteja mapema, kabla hajalipa nauli yako.

Zilizobaki ni zetu. Chukua Toyota IST ya rangi ya fedha niliyoifanya Tabata, rimu ya mbele kushoto, ukingo wa barabara umeikwangua karibu robo ya mzunguko.

Nilifika saa mbili na nusu asubuhi. Saa hizo umande umekauka, jua halijawa kali na upepo wa bahari haujaanza kunyanyua vumbi. Dar ina unyevu mwingi. Ukipuliza wakati mvua za masika zinanyemelea, rangi inaweza kuota weupe kama maziwa. Siku hiyo ahirisha, hata kama mteja ana haraka.

Tafuta kivuli cha ukuta, siyo cha mwembe, maana mti hudondosha utomvu na wadudu. Omba nguo zianuliwe. Kuna mwaka rangi yangu iliruka ukuta Kinondoni ikatua kwenye gari jeupe la jirani, nikashinda kutwa nzima nikilisafisha. Tangu hapo nazunguka nyumba yote kabla ya kufungua kopo.

Legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki na kuweka stendi. Osha gurudumu kwa sabuni, kisha lifute mara mbili kwa dawa ya kuondoa grisi, kila mara kwa kitambaa kipya. Vijana wengi wanairuka hatua hii. Dawa ya kung'arishia matairi mara nyingi ina silikoni. Ikibaki, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara, na huna dawa ila kukwangua na kuanza upya.

Punguza upepo kidogo, chomeka karata za kuchezea kati ya tairi na rimu, moja ikilalia nyingine kama magamba ya samaki. Hakuna tepu inayofunika tairi vizuri kama karata. Ziba pia matundu ya nati na mgongo wa rimu unaokalia habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake: rangi nene pale hufanya nati zilegee barabarani.

Anza na msasa namba 180 kulainisha makali, halafu 320. Puti ya ukubwa wa ndimu inataka hadina, dawa ya kuigandisha, kama punje ya harage. Ukizidisha inaganda mkononi. Ikikauka, rudia 320, malizia 400. Fumba macho, pitisha kidole: kidole huona bonde ambalo jicho limelipita. Puliza praima (rangi ya msingi) nyepesi mara mbili, msasa wa maji 800, rangi, kisha klia, ile vanishi angavu ya juu. Klia yenye hadina ina isosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haikusaidii. Vaa yenye vichujio vya mkaa iliyokaza usoni, na watoto wawe ndani, madirisha yamefungwa.

Bampa likiwa na mkwaruzo pia, upitishie ukucha. Usiponasa, polishi inatosha, usimuuzie mtu rangi. Ukinasa, tafuta namba ya rangi kwenye kibao cha Toyota, palipoandikwa C/TR, mlangoni au kwenye injini: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 fedha. Ukikuta 070, nyeupe ya lulu, ujue inapulizwa kwa tabaka tatu na haifichi kosa. Hiyo naipeleka gereji.

Ukirudisha gurudumu, jaza upepo na ukaze nati kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha inayoielekea. IST inataka nyutoni mita 103, kwa spana ya kipimo, siyo kwa kukanyaga. Yule wa Tabata nilimwomba asilipeleke kuoshwa kwa mashine ya presha kwa wiki moja, na akishatembea kilomita 100 anipigie nirudi kukaza nati tena. Alipiga Jumapili, nikaenda.