Mkia wa nguva wa kuogelea mbele ya kamera, hatua kwa hatua

Ukitaka kujua kama mkia wa nguva uliouona kwenye filamu umetengenezwa na mtu anayeijua kazi, usianze na magamba. Tazama magoti. Mguu wa binadamu hukunjika mahali pamoja tu kati ya nyonga na kifundo, na mkia uliofinyangwa bila kulijali hilo hutoa nundu inayochomoza kila mwigizaji anapopiga maji. Mtazamaji huenda asijue kilichomkera ni nini, ila macho yake yameshakataa: pale pana miguu miwili ndani ya gunia.

Mkia ninaoueleza hapa ni wa silikoni, wa kuogelea kweli. Kwa filamu ya Splash ya 1984, Robert Short alitengeneza mkia ambao Daryl Hannah aliogelea nao mwenyewe, na kwangu mimi kipimo cha kazi hii ni hicho. Mkia wa kukalia juu ya mwamba tu ni kazi nyingine, nyepesi zaidi. Huu wa kuogelea mimi hujipa wiki kumi, na nikipewa pungufu ya hapo nakataa.

Hatua ya 1: Chukua umbo la mwigizaji

Vipimo vya utepe havitoshi. Unahitaji umbo lake kamili kuanzia chini ya mbavu hadi vifundoni, na ulichukue akiwa katika mkao wa kuogelea: miguu imebanwa pamoja, magoti yamelegea kidogo, si yamenyooka kama ya askari kwenye gwaride. Weka kipande cha sponji chembamba kati ya magoti na kingine kati ya vifundo, kwa sababu mifupa hiyo ndiyo itakayosuguana saa nzima akiwa ndani ya mkia.

Mfunge kwa nailoni nyembamba, paka mafuta ya mgando, kisha bandika bandeji za plasta tabaka tatu au nne, nusu ya mbele kwanza, halafu ya nyuma. Paka mafuta mengi kwenye mstari wa kuungana, la sivyo utamtoa kwa msumeno. Plasta hupata joto inapoganda, kwa hiyo usirundike tabaka nene kwa mara moja. Mpe kitu cha kushikilia, na umsemeshe muda wote. Mtu aliyesimama bila kusogea huku magoti yamekazwa anaweza kuzimia ghafla, na akiwa amefungwa plasta hana namna ya kujizuia asianguke.

Ndani ya umbo hilo unatengeneza kiini cha faibaglasi, yaani nakala ngumu ya miguu yake. Kipige msasa na upunguze mzingo wa mapaja kwa sentimita mbili hivi. Silikoni inavutika, ikimbana kidogo itashika mwili, ikipwaya itajaa maji na kutengeneza makunyanzi.

Hatua ya 2: Pezi la ndani kabla ya udongo

Wengi huanza kufinyanga kwa sababu ndiyo sehemu tamu. Mimi naanza na pezi. Ndani ya pezi kuu la mkia kuna bamba gumu la faibaglasi au polikaboneti lenye mifuko miwili ya nyayo, na hilo ndilo linalosukuma maji. Linalala bapa kama mkia wa pomboo, halisimami wima kama wa samaki, kwa kuwa nyonga na magoti yetu hukunjika mbele na nyuma, si kushoto na kulia.

Mambo mawili yana uzito hapa. Kwanza, unyayo wa binadamu haunyooki hadi ukawa mstari mmoja na muundi, kwa hiyo bamba liinamishe digrii 20 hivi kutoka kwenye unyayo, ili pezi lifuate mstari wa mguu. Pili, bamba liwe nene karibu na vidole na lipungue kuelekea ukingoni. Ncha ya pezi inapaswa kuchelewa nyuma ya nyayo, kama shuka inavyofuata mkono unaoikung'uta. Bamba lenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho hupiga maji kama ubao, na mwigizaji ataumwa vifundo kabla ya saa sita mchana.

Mpeleke bwawani na bamba tupu. Akilalamika sasa, unakata na kupiga msasa. Akilalamika baada ya silikoni, umekwisha.

Hatua ya 3: Kufinyanga

Simamisha kiini, funga pezi, anza kubandika udongo. Tumia udongo wa kufinyangia usio na salfa. Sababu utaiona kwenye hatua ya silikoni.

Goti hulifichi kwa kuliongezea udongo. Unalificha kwa kuijaza sehemu iliyo juu yake na iliyo chini yake, mpaka mstari wa mbele ushuke kutoka nyonga hadi pezini bila kuvunjika. Juu ya goti lenyewe acha tabaka jembamba. Nyuma ya goti, pale penye bonde, jaza hadi lipotee. Hapo baadaye patamiminwa silikoni laini zaidi, inayokunjika bila kufanya mikunjo. Kila baada ya muda zima taa za juu, weka taa moja ubavuni, rudi nyuma hatua sita na utazame kivuli. Kivuli hakidanganyi kuhusu nundu.

Magamba yanakuja mwisho. Chora kwanza mistari ya mshazari inayokatana mwili mzima, kwa sababu safu zikianza kupinda kiunoni, zikifika pezini zitakuwa zimepotea kabisa. Magamba makubwa yakae nyongani na mapajani, yapungue kuelekea kiunoni, ubavuni na shingo ya pezi. Ukingo ulio wazi wa kila gamba utazame pezini, kama vigae vya paa vinavyotazama chini, ili maji yapite juu yake. Ukiyageuza, kila gamba litachota maji.

Muhuri wa kugonga magamba unaokoa siku nyingi, nami nautumia kuweka mpangilio. Lakini magamba elfu yaliyofanana huonekana kama kitambaa cha kuchapwa. Kwa hiyo baada ya kugonga napita gamba moja moja. Nafunika gamba kwa nailoni nyembamba, nakandamiza ukingo kwa kijiti cha mianzi, na nailoni inauviringisha ukingo huo badala ya kuuacha mkali. Natoa nailoni, nakwaruza mistari mitatu minne ya ukuaji, si ya urefu sawa. Moja kati ya ishirini nalimega pembeni kidogo, kama lililowahi kugonga jiwe. Mkono unachoka, ndiyo. Ila kamera ikisogea karibu, hayo ndiyo yatakayoonekana.

Hatua ya 4: Kalibu

Kalibu, yaani ganda gumu linalojengwa juu ya udongo ili kunakili umbo lake, iwe ya vipande viwili, mbele na nyuma, ya faibaglasi au plasta ngumu, yenye meno ya kushikana na boliti kila baada ya sentimita 15. Mshono upitishe ubavuni, ndani ya mstari wa mapezi madogo ya nyonga, ili mapezi hayo yaufiche. Ikishakauka, fungua, toa udongo wote, osha, paka dawa ya kuachisha ili silikoni isigandie kalibu, kisha rudisha kiini katikati. Nafasi iliyoachwa na udongo ndiyo itakayokuwa mkia.

Hatua ya 5: Silikoni

Silikoni inayofaa ni ile inayoganda kwa kichocheo cha platinamu. Ina sehemu mbili, A na B, na kwa nyingi kati yake unachanganya kiasi sawa kwa kiasi sawa. Pima kwa mizani, usikadirie kwa macho. Mwilini natumia ugumu wa 10 kwa kipimo cha Shore A (namba ikipungua, silikoni ni laini zaidi), pezini 20, na nyuma ya goti ile laini kabisa ya kipimo cha Shore 00. Toa hewa kwenye mchanganyiko kwa pampu ya ombwe, kisha uisukume kutokea chini ya kalibu, hewa itokee kwenye matundu ya juu. Kiunoni na visiginoni nalaza kitambaa cha wavu kinachovutika, maana hapo ndipo mkia unapochanika wakati wa kuvaa.

Platinamu ina adui mmoja mkubwa: salfa. Katika mwaka wangu wa pili nilifungua kalibu asubuhi, nikakuta mwili umeganda vizuri kabisa, ila kwenye ukingo wa kiuno pamejichora vidole vitano vya mtu, vinanata kama ulimbo. Msaidizi wangu alikuwa amelainisha ukingo ule akiwa amevaa glavu za lateksi. Chembe za salfa zilizobaki pale zilitosha kuizuia silikoni isigande. Niliutupa mkia mzima na kusugua kalibu siku mbili. Tangu siku hiyo lateksi haiingii karakana yangu. Tunavaa glavu za naitrili tu, na kila udongo mpya naujaribu kwa kijiko kimoja cha silikoni kabla ya kuugusisha kwenye kazi.

Usiogope uzito. Silikoni ina uzito wa takriban gramu 1.07 kwa kila sentimita ya ujazo, yaani imezidi maji kidogo tu. Mkia wa kilo 18 nchi kavu unakuwa na uzito wa kama kilo 1.2 ndani ya bwawa, na chini ya hapo baharini. Kinachosumbua ni hewa iliyonaswa ndani: inapanda kwenye nyayo, inainua mkia, kichwa cha mwigizaji kinabaki chini. Toboa matundu madogo chini ya magamba karibu na visigino na nyuma ya pezi, hewa na maji vipate njia.

Hatua ya 6: Rangi

Juu ya silikoni haishiki rangi yoyote isipokuwa iliyochanganywa ndani ya silikoni. Changanya rangi na silikoni, izimue kwa kiyeyusho chake, nyunyiza kwa brashi ya hewa tabaka nyembamba nyingi. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke na ufungue madirisha. Hili halina mjadala.

Mgongo uwe mweusi zaidi, tumbo liwe jeupe zaidi, kama samaki wengi walivyo. Rangi ya giza ipitishe kwenye mifereji kati ya magamba kisha uifute juu, halafu unga wa lulu kidogo kwenye kingo tu. Ukumbuke kwamba maji humeza rangi nyekundu kwanza. Mkia mwekundu uliong'aa karakanani, mita chache chini unaonekana wa kahawia. Paka vipande vya majaribio, vizamishe kwenye kina kile kile cha kupigia picha, na umwombe mpiga picha avirekodi kwa taa zake.

Hatua ya 7: Kiuno

Ukingo wa kiuno uishe ukiwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu, si kwa mstari ulionyooka bali kwa magamba yanayotawanyika. Ubandike kwa gundi ya silikoni ya ngozi, kisha endeleza magamba machache moja moja juu ya tumbo na mgongoni. Jaribu gundi hiyo mkononi mwa mwigizaji siku moja kabla.

Hatua ya 8: Majini

Kuvaa kunahitaji maji yenye kilainishi, watu wawili, na subira. Akishavaa hawezi kutembea, kwa hiyo machela na watu wanne wawe tayari, na wasiondoke. Mara ya kwanza aingie kwenye kina anachoweza kukaa kitako huku kichwa kikiwa nje. Afanye mazoezi ya kuvua mkia peke yake chini ya maji mpaka aweze bila kufikiri. Kama hawezi, legeza kiuno au weka zipu iliyofichwa mgongoni. Kila anapozama, mzamiaji wa usalama mwenye hewa ya akiba awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, na wakubaliane ishara moja ya "natoka". Mkataze kuhema haraka haraka kabla ya kuzama. Kuhema huko hakuongezi hewa ya maana. Kunaondoa dioksidi kaboni inayomwambia mwili utafute pumzi, na mtu anaweza kupoteza fahamu bila onyo lolote.

Kisha mrekodi akipita ubavu mbele ya kamera, na ucheze picha polepole. Nundu ikiwa bado ipo, mara nyingi kosa ni la pigo: anapiga kutoka magotini. Mwambie aanzie kifuani, wimbi lishuke nyongani, miguu ifuate.

Jioni suuza mkia kwa maji baridi ndani na nje, hasa baada ya klorini au chumvi, ukaushe kivulini, upake poda ndani, kisha uurudishe juu ya kiini chake. Usiukunje ndani ya sanduku hata kwa safari ya siku moja: silikoni laini ya nyuma ya goti hushika alama ya mkunjo.