Jinsi ya kujijengea maono ya kiongozi kazini

Anza na sentensi moja. Andika idara yako itakuwaje baada ya miaka 3, kwa maneno yasiyozidi 25, na iwe na jambo linaloonekana kwa macho. "Kutoa huduma bora" haionyeshi kitu. "Mteja anajibiwa siku ileile bila kuzungushwa" inaonyesha. Wasomee watu 3 wa ngazi tofauti, kisha waombe wakueleze walichosikia bila kutazama karatasi. Wakikupa majibu matatu yanayopishana, kosa ni la sentensi, si la masikio yao. Iandike upya.

Kila wiki tenga dakika 90, simu ikiwa imezimwa. Nusu saa soma malalamiko ya wateja jinsi yalivyoandikwa (si muhtasari wa msaidizi wako), muda uliobaki jiulize kitatokea nini hali hii ikiendelea miezi 12.

Kisha panga kwa kurudi nyuma: ili kufikia ile sentensi yako ya miaka 3, nini kiwe kimekamilika mwaka wa 1? Miezi 3 ijayo? Jumatatu? Kila hatua iwe na mhusika mmoja na tarehe. Kazi ya "sisi sote" haina mwenyewe.

Wengi huharibu kwenye kurudia. Hutangaza maono mara moja kwenye mkutano mkubwa, basi. Wewe fungua kila kikao cha wiki kwa kuonyesha uamuzi mmoja uliotokana nayo. Na ukipokea jukumu jipya, taja waziwazi lipi linaachwa. Wafanyakazi huyapima maono kwa yale uliyoyakataa.