Viinitete vilivyobaki: kabla hamjasaini kuvigawa
Pacha wetu wanasoma chekechea Tabata, na kila mwaka kliniki inatudai ada ya kuhifadhi viinitete vilivyobaki (mayai yaliyorutubishwa maabara tulipowatafuta pacha hao, yasipandikizwe) kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kama nawe unafikiria kuwapa wenzi wengine viinitete vyenu, anza na mumeo, si daktari. Sahihi zinatakiwa mbili. Mmoja akisita, subirini. Baridi ile haiviharibu.

Ulizeni kama kliniki yenu inapokea, maana si zote. Mtapimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende, na kuulizwa magonjwa ya ukoo. Sikoseli itajeni hata msipoulizwa.

Usiri ndio wa kujadili mpaka usiku. Kliniki inaweza kuficha majina, lakini kipimo cha DNA hakifichi undugu: atakayezaliwa ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja na wanenu. Mimi nataka wangu waambiwe mapema; baba yao anasema wakue kwanza. Na Dar hii, ukienda Kariakoo tu unakutana na nusu ya ukoo!

Waislamu, mwoneni shehe mapema, maana wanazuoni wengi wa Kisunni hawaruhusu. Mkiendelea, fomu iseme wazi mnaweza kughairi mpaka lini; kwa kawaida ni kabla kiinitete hakijapandikizwa.