Orodha ya michango isiyopoteza majina

Kama kundi lenu bado linanakili orodha ya michango na kuibandika upya kila mtu akitoa, mnajua kinachotokea: wawili wakibandika kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea, na mweka hazina anaanza kuulizwa maswali.

Jaribuni Delta Chat, programu huria ya ujumbe inayotumia mfumo wa baruapepe na isiyodai namba ya simu. Ndani yake mna programu ndogo za webxdc. Kila moja ni faili tu lenye mwisho wa .xdc: ukurasa wa index.html na vinavyouandama, vimefungwa pamoja kama zip. Unaituma kundini kama unavyotuma picha. Anayeigusa inamfungukia kwenye simu yake, na anachoandika kinawafikia wenzake kupitia ujumbe wa kundi lenyewe, uliofungwa kwa usimbaji ili wa nje asiusome.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba programu hizo haziruhusiwi kugusa intaneti zenyewe, kwa hiyo hakuna seva ya pembeni inayokusanya majina yenu. Programu ndogo za WeChat, ile programu ya ujumbe ya China, kwa mfano, lazima kwanza zipitishwe na mwenye jukwaa.

Bonyeza alama ya kiambatisho, chagua programu ya orodha au ya kura, itume. Aliyeishiwa bando asihofu, akirudi hewani mabadiliko yanaingia. Na kijana wenu anayejua kidogo HTML na JavaScript, lugha za kutengenezea kurasa za wavuti, anaweza kuwatengenezea ya kwenu bila kumwomba mtu kibali.