Skrini Ikikuambia Kompyuta Ina Virusi na Kukupa Namba ya Kupiga

Onyo la uongo la usalama hutokea ghafla. Unasoma habari au unatafuta tovuti ya kutazamia mpira, mara skrini nzima inageuka buluu au nyekundu, king'ora kinalia, sauti ya kurekodiwa inarudia kwamba kompyuta imeshambuliwa, na katikati kunatokea nembo ya Microsoft au Apple pamoja na namba ya simu unayotakiwa kuipiga mara moja, la sivyo mafaili yako yote yatafutwa. Jambo ninalomwomba msomaji alishike, hata kama hatasoma zaidi ya hapa, ni kwamba ukurasa huo peke yake hauna uwezo wa kutekeleza vitisho hivyo. Ni ukurasa wa tovuti kama kurasa nyingine, umechorwa ufanane na tangazo la mfumo wa kompyuta, na kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) hakiuruhusu kupekua mafaili yako, sembuse kuyafuta. Madhara huanza pale mwenye kompyuta anapoombwa kufanya jambo fulani kwa mkono wake, naye akalifanya: akapiga simu, akasakinisha programu, akaruhusu arifa au akalipa.

Microsoft yenyewe imekwisha kutamka kwamba maonyo yanayotoka kwake hayawekwi namba ya simu kamwe. Namba inayoonekana ndani ya onyo inatosha kukuthibitishia kwamba ni utapeli. Usitishike pia ukurasa ukitaja mji uliopo na kampuni inayokuuzia intaneti. Kila tovuti unayoifungua hupokea anwani ya mtandao ya kifaa chako, na kutokana na anwani hiyo mtu yeyote anaweza kukisia mji na kampuni bila kuingia kwenye kompyuta yako hata kidogo.

Kuufunga ukurasa

Usibofye chochote kilichomo ndani ya ukurasa, hata alama ya X iliyo pembeni mwa kisanduku cha onyo. Alama hiyo nayo imechorwa tu, na kivinjari hakiruhusu ukurasa kujaza skrini nzima mpaka mtumiaji abofye mahali fulani. Kwa hiyo kubofya ndiko kunakoupa ukurasa nafasi ya kuficha vichupo (vibandiko vya juu vinavyoonyesha kurasa zilizo wazi) na sehemu ya anwani, mpaka ukadhani kompyuta imefungwa. Shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde chache bila kukiachia, na vichupo vikionekana tena, funga kile chenye onyo. Ikishindikana kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, chagua jina la kivinjari chako, kisha bonyeza End task. Kwenye Mac, bonyeza Command, Option na Esc, chagua kivinjari na ukilazimishe kufunga. Yote yakishindikana, zima kompyuta kwa kushikilia kitufe cha kuwashia; utakachopoteza ni kazi ambayo hukuwa umeihifadhi. Utakapofungua kivinjari tena, kikiuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa.

Kama hukupiga simu, hukupakua kitu na hukuandika nywila popote, basi shughuli imeisha. Ukitaka kutulia moyo, fungua Windows Security na uendeshe uchunguzi wa virusi kwa kutumia Microsoft Defender, ambayo huja na Windows bila malipo.

Kwenye simu, ambayo ndiyo kompyuta pekee ya watu wengi kwetu, utapeli huu huja kwa sura nyingine. Tovuti hukuambia ubonyeze neno la kuruhusu ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na kumbe umeipa ruhusa ya kukutumia arifa. Kuanzia hapo simu italia mchana na usiku kwamba ina virusi, na kila arifa itakupeleka kupakua programu ya kusafisha simu ambayo ndiyo hatari yenyewe. Fungua Chrome, nenda kwenye Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, na uzuie kila tovuti usiyoitambua. Programu yoyote uliyoipakua kutoka nje ya duka rasmi kwa sababu ya onyo la namna hiyo iondoe.

Kuna aina moja ambayo imeenea tangu 2024 na inastahili tahadhari ya pekee. Ukurasa hujifanya unahakiki kwamba wewe ni binadamu, kisha unakuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl pamoja na V, halafu Enter. Kabla ya hapo ukurasa umekwisha kunakili amri kimyakimya, na mibonyezo hiyo mitatu ndiyo inayoibandika na kuiendesha ndani ya kompyuta yako. Hakuna uhakiki wa kweli unaomtaka mtu afanye hivyo.

Mambo wanayokuonyesha ukipiga simu

Anayepokea simu huwa mpole, mwenye subira, na hujitambulisha kuwa fundi wa kampuni kubwa. Hukuomba usakinishe programu ya kuongoza kompyuta kwa mbali, kama vile AnyDesk, TeamViewer au UltraViewer. Programu hizi ni halali na mafundi wa kweli huzitumia kila siku, ndiyo maana kinga ya virusi haizizuii. Akishaingia, huanza maonyesho, na naona inafaa kuyaeleza kwa kirefu, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuyajua hayawezi kumtetemesha.

Kwanza hufungua Event Viewer, orodha ambayo Windows huandikia kila tukio dogo, na kukuonyesha mamia ya alama nyekundu na za njano. Kompyuta nzima kabisa, iliyotoka dukani juzi, nayo huwa na alama hizo, maana huandikwa hata pale programu inapochelewa kidogo kuanza. Pili hufungua dirisha jeusi la amri na kuandika netstat, kisha anakuelekeza kwenye safu iliyoandikwa Foreign Address na kudai kwamba hao ni wageni wa nchi za nje waliojipenyeza. Safu hiyo huonyesha tu upande wa pili wa mawasiliano, yaani tovuti na huduma ambazo kompyuta yako inazungumza nazo wakati huo. Tatu huandika tree, amri inayoorodhesha mafolda kwa kasi. Maneno yanapopita mbio, yeye anachapa mwishoni kwamba virusi vimepatikana, nawe unadhani ni kompyuta iliyosema. Nne hukusomea namba ndefu inayoanza na 888DCA60 na kudai kwamba ni kitambulisho cha kompyuta yako peke yake, kilichomo pia kwenye kumbukumbu zake. Namba hiyo ni ileile katika kila kompyuta ya Windows duniani.

Baada ya hapo huja bei ya matengenezo, na hutakiwa kulipwa kwa njia ambayo fedha hazirudi kirahisi: kadi za zawadi, sarafu za kidijitali, au kutuma kwa simu. Ndugu zetu wanaoishi Marekani na Uingereza, hasa wazee, huandamwa pia na simu ya kurudishiwa fedha. Tapeli hudai anamrudishia mteja kiasi kidogo, kisha anabadilisha tarakimu zinazoonekana kwenye ukurasa wa benki, au anahamisha fedha za akaunti ya akiba ya mteja kwenda akaunti nyingine ya mteja huyohuyo, na kulia kwamba amezidisha kwa bahati mbaya na atafukuzwa kazi asiporudishiwa ziada. Salio la kweli ni lile utakaloliona ukifungua benki kwenye simu yako mwenyewe, ambayo mtu huyo hajaigusa.

Ikiwa umekwisha kumruhusu kuingia

Hapa mpangilio wa hatua una uzito kuliko kitu kingine chochote. Anza kwa kukata intaneti: chomoa waya, zima modemu, au zima data ya simu uliyokuwa ukiigawa. Usibishane na mtu huyo wala usimweleze kwamba umemgundua. Akiwa bado ndani anaweza kufuta mafaili au kubadilisha nywila ya kuingilia.

Kisha chukua kifaa kingine ambacho hakijahusika, na kabla ya nywila zote badilisha ya baruapepe, kwa sababu mwenye baruapepe yako anaweza kuomba nywila mpya za huduma nyingine zote. Ukiwa humo, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na ukague kama kuna kanuni mpya inayopeleka barua zako kwa mtu usiyemjua. Wengi huisahau sehemu hii, na barua zao huendelea kusomwa. Zifuate akaunti za benki na PIN ya fedha za simu. Ipigie benki au kampuni ya simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi au kwenye tovuti rasmi uliyoiandika mwenyewe, wala usiitafute namba kwenye matangazo ya juu ya matokeo ya utafutaji, maana matapeli hununua matangazo hayo. Taja saa, kiasi na namba ya muamala, na uombe malipo yazuiwe. Kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kuzipata fedha zako.

Kompyuta yenyewe iangaliwe baada ya hapo. Ondoa programu ya kuongoza kwa mbali na kila kilichosakinishwa siku hiyo, kisha endesha uchunguzi wa Microsoft Defender Offline, ambao huiwasha kompyuta upya na kuichunguza kabla Windows haijaanza. Kwa maoni yangu, mtu aliyeachiwa kompyuta kwa zaidi ya dakika chache hastahili kuaminiwa kwamba hakuacha kitu: hifadhi nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje, halafu mwombe fundi unayemfahamu aisakinishe Windows upya.

Toa taarifa hata kama kiasi kilichopotea ni kidogo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018, kwa hiyo polisi wanapaswa kulipokea jalada lako. Peleka picha za skrini, namba zilizokupigia na ujumbe wa malipo. Namba ya tapeli nchini Tanzania hutumwa kwenda 15040. Kwa wateja wa Safaricom nchini Kenya hutumwa kwenda 333. Walioko Marekani huripoti kwa FTC, shirika la serikali linalolinda watumiaji, ambalo limekuwa likiwashtaki matapeli wa aina hii tangu miaka mingi, zikiwemo kesi sita lililozitangaza kwa mpigo mwaka 2012.

Wiki au miezi baadaye unaweza kupigiwa simu na mtu anayejiita wakili, ofisa wa polisi au mtaalamu wa kurejesha fedha, anayejua kiasi ulichopoteza na siku uliyokipoteza, akiomba ada ndogo ili akurudishie. Anayajua hayo kwa sababu majina ya waliotapeliwa huuzwa kwa matapeli wengine. Kata simu, na uiongeze namba hiyo kwenye jalada ulilofungua polisi.