Umesoma civil (uinjinia wa ujenzi), unapenda na usanifu majengo, unataka kufundisha? Pita huku

Madogo wanaomaliza civil wananiuliza sana hili, kaka mi napenda na kuchora, sasa nikafundishe wapi? Nenda kafundishe miundo, yaani jinsi jengo linavyosimama na kubeba mzigo, kwa watu wa usanifu majengo. Huko ndo kuna shida, maana injinia akiingia darasa lile anamwaga fomula ubaoni, wanafunzi wanakariri, wanafaulu, halafu mwaka wa nne mtu anakuchorea baraza ya ghorofani imetoka mita 3 hewani na hajui itashikwa na nini.

Cha kwanza linda GPA. Vyuo vya bongo kwa kawaida vinataka 3.8 ya digrii ya kwanza ndo wakuchukue mkufunzi msaidizi, na 4.0 ya masta uwe mhadhiri msaidizi. Ukiwa na 3.4 mapenzi yako ya kuchora hayasaidii, pole.

Digrii mbili sikushauri. Calatrava, yule Mhispania msanifu na injinia maarufu, alisoma usanifu Valencia akaenda tena Zurich kusoma uinjinia, sawa, ila wewe ada ya mara ya pili nani analipa? Shika moja, masta fanya ya miundo, halafu omba kukaa studio za usanifu wakati wanafunzi wanatetea michoro yao, kaa tu usikilize, usikimbilie kusema "hii haisimami". Usajili nao ni bodi mbili, mainjinia ERB, wabunifu majengo AQRB, na muhuri wa huku haufanyi kazi kule. Ule mpango wa ERB wa mafunzo ya miaka 3 kazini usiukwepe, mifano ya darasani utaiokota saiti.

Wapo waliofanya hivi vizuri. Chicago pale chuo cha IIT, Fazlur Khan, injinia, na Myron Goldsmith, msanifu aliyekuwa injinia pia, walikuwa wanasimamia wanafunzi wa usanifu huku wote wanapiga kazi SOM, kampuni ya usanifu na uinjinia. Jengo la John Hancock la ghorofa 100 Khan alilifanya na msanifu Bruce Graham, zile X kubwa unazoziona nje ndo zinazobeba upepo, na ndo sura yenyewe ya jengo. Huwezi kusema hapa kaishia injinia hapa kaanza msanifu.

Sasa darasani. Kata kipande cha godoro kirefu kama rula, kichore mistari ya wima ubavuni kwa maka peni. Kiegemeze kwenye vitabu viwili, bonyeza katikati, mistari inaachana chini, kwa hiyo nondo za kazi, zile zinazozuia zege lisichanike, zinakaa chini, hiyo fundi yeyote anaijua. Halafu kamata ncha moja tu ukandamize mezani, nyingine ining'inie, bonyeza ile ya hewani: mistari inaachana juu! Hiyo ndo baraza, nondo zake kuu zinatakiwa juu, na fundi aliyezoea boriti anazilaza chini kama kawaida, zege linamwagwa, hakuna anayeona tena. Waulize wanafunzi kwanza wangeziweka wapi kabla hujabonyeza. Hesabu ya momenti, yaani ile nguvu ya kupinda, ilete baada ya hapo, wataidai wenyewe.

Na siku ya intavyuu wakikwambia ufundishe kidogo mbele ya paneli, acha slaidi nyumbani, nenda na hicho kipande cha godoro.