Mwaka wa kwanza chuo kikuu: anza na jina lako

Kabla hujanunua ndoo wala begi, tandaza karatasi zako zote mezani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, namba ya NIDA, kadi ya benki. Soma jina herufi kwa herufi. Cheti cha kidato cha nne kikisema Halima Juma Said na akaunti ya benki ikasema Halima J. Saidi, nenda benki wiki hii hii. Mifumo ya chuo na ya Bodi ya Mikopo (HESLB) hulinganisha majina, na yasipooana pesa inakwama. Tofauti ndogo kama hiyo hurekebishwa kwa urahisi ukiwa nyumbani. Ukiwa chuoni, na foleni za usajili zimejaa, inakula wiki nzima.

Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kabla ya tarehe ya mwisho ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Fomu ya afya ijazwe hospitali mapema, maana vipimo havimaliziki siku moja. Ada lipia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotoka kwenye akaunti yako ya mfumo wa chuo. Anayekupigia akitaka utume pesa kwenye namba yake ya simu ni tapeli, hata kama anataja kozi yako bila kukosea. Vyeti halisi safiri navyo mkononi, visiwekwe kwenye buti la basi.

Mizigo isikusumbue. Shuka jozi mbili, chandarua, ndoo, kufuli imara na ekstensheni vinatosha kuanzia. Jiko la umeme acha nyumbani, hosteli nyingi zinalikataza. Kompyuta mpakato ukiweza kuipata, chagua yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Ya bei nafuu yenye GB 4 itakuchosha kabla mwaka haujaisha.

Panapoumiza wengi ni boom, yaani pesa ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa HESLB. Fedha ya chakula na malazi hupigiwa hesabu kwa siku, lakini huingia kwa mkupuo wa siku 60 hivi. Kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ni 600,000 inayoonekana nyingi sana siku ya kwanza. Siku hiyo hiyo toa kodi ya chumba, kinachobaki gawanya kwa wiki tisa, kisha kila Jumatatu hamishia kwenye simu fungu la wiki moja tu. Ukinunua simu mpya wiki ya kwanza, wiki ya sita utakuwa unakopa chakula. Boom la kwanza pia huweza kuchelewa, kwa hiyo ondoka nyumbani na pesa ya kula ya mwezi mmoja.

Darasani, usisubiri mtihani wa mwisho. Katika vyuo vingi alama 40 kati ya 100 hutokana na majaribio na asaimenti za muhula, na mtihani wa mwisho wa muhula (UE) unabeba 60. Wiki ya kwanza pata mpango wa kila somo, nakili tarehe zote za majaribio kwenye karatasi moja, ibandike ukutani. Wanaopata sapu, yaani kurudia mtihani wa somo walilofeli, mara nyingi walianza kuteleza hapo, kwenye jaribio la wiki ya sita walilolichukulia kama la kidato cha tano.

Angalia pia uzito wa kila somo. Chukua masomo mawili, moja la krediti 12 na jingine la krediti 8, ambapo A ni pointi 5 na C ni 2. Ukipata A kwenye la 12 na C kwenye la 8, GPA, yaani wastani wa pointi kwa krediti, ni (60 + 16) ÷ 20 = 3.8. Ukigeuza, inakuwa (24 + 40) ÷ 20 = 3.2. Gredi ni zile zile, lakini daraja la pili la juu la shahada linaanzia 3.5. Somo zito lipewe saa nyingi zaidi kuanzia mwanzo, hata kama hulipendi.

Karatasi za majaribio zikirudishwa, zitunze kwenye faili. Alama za muhula zikitangazwa kabla ya UE, zilinganishe nazo moja moja; ikikosekana moja, mwone mhadhiri siku hiyo hiyo ukiwa na karatasi yako mkononi.